Kukaa na Mungu siku kwa siku: mwongozo kwa Mkristo wa Dodoma, wa mjini na wa shambani

Ni nadra mtu kumwacha Mungu kwa siku moja. Sala ya asubuhi inarukwa leo kwa sababu ya safari, wiki ijayo kwa sababu ya palizi, kisha kutoomba kunageuka mazoea. Baada ya miezi michache mtu bado anakwenda ibadani, anaimba kwaya, anatoa fungu la kumi, lakini akibaki peke yake chumbani hana la kumwambia Mungu. Makanisani kwetu tunasema amepoa.

Mwongozo huu ni wa anayeanza, na zaidi ni wa aliyepoa anayetamani kurudi. Unasimama juu ya jambo moja: kipimo kidogo cha Neno na maombi, kwa wakati uleule, ambacho unaweza kukibeba hata katika wiki yako ngumu kuliko zote. Wengi hushindwa kwa kuanza na kikubwa. Wanatoka kwenye mkutano wa injili au semina ya siku tatu moyo ukiwaka, wanaahidi saa nzima ya maombi kila alfajiri na mkesha kila Ijumaa. Siku ya tisa wamechoka, siku ya kumi na mbili wameacha, na sasa wanabeba hatia juu ya uchovu.

Hatua ya 1: Tafuta wakati wako

Usichukue saa ya mchungaji wako wala ya mtu uliyemsikia redioni. Angalia siku yako mwenyewe ilivyo. Mtumishi wa umma anayeishi Nkuhungu na kufanya kazi Mtumba anatakiwa ofisini saa 1:30 asubuhi, na daladala haimsubiri. Huyo atapata nafasi saa 11:00 hadi 11:15 alfajiri, kabla ya kuoga na kabla ya kushika simu. Mama mwenye watoto wa shule saa hiyo anawasha moto, anachemsha chai, anatafuta soksi iliyopotea. Wakati wake ni watoto wakishatoka, mlango ukiwa umefungwa, kabla hajagusa vyombo. Na hapa tuseme wazi kwa akina baba: kama unataka mkeo naye apate kukaa na Mungu, andaa watoto wewe siku mbili tatu kwa wiki. Yapo maombi ya alfajiri ya mume ambayo gharama yake yote analipa mke.

Muuguzi wa zamu, mlinzi wa usiku na dereva wa bodaboda hawana saa inayorudi ileile kila siku. Wao wafunge ibada yao kwenye tendo. "Nikivua sare, kabla ya kulala." "Nikishaegesha pikipiki, kabla ya kuhesabu hela." Tendo hilo likitokea, mwili wenyewe unakumbuka.

Ukishachagua, shika wakati huo kwa wiki tatu bila kuubadilisha. Anayehamahama kila siku, leo asubuhi, kesho usiku, huishia kuombea kitandani nusu amelala.

Hatua ya 2: Tayarisha mahali usiku uliotangulia

Yesu alisema uingie chumba cha ndani na kufunga mlango (Mathayo 6:6), lakini wapangaji wengi wa Chang'ombe au Majengo wana chumba kimoja, na watoto wamelala humohumo. Kiti kidogo kwenye kona kinatosha. Wengine hukaa nje ukutani, chini ya mwarobaini, au ndani ya gari lililoegeshwa. Marko 1:35 inaeleza kwamba Yesu mwenyewe alitoka alfajiri akaenda mahali pasipokuwa na watu.

Weka tayari Biblia, daftari la kurasa 48 na kalamu inayoandika. Kaa, usilale: mwezi wa sita na wa saba alfajiri ya Dodoma ni baridi kweli, na anayeombea ndani ya blanketi kichwa kikiwa kwenye mto hafiki "Amina". Jifunike, lakini uwe umekaa.

Simu ndiyo inayoharibu ibada nyingi kuliko shetani tunayemlaumu. Ukiwasha data ili usome Biblia kwenye simu, ujumbe wa kikundi cha ukoo utaingia kabla hujafika aya ya pili. Tumia Biblia ya karatasi. Kama huna, pakua Biblia mapema, kisha zima data kabla ya kuifungua. Na kama vyumba vimetenganishwa na ukuta mwembamba, omba kwa kunong'ona. Hana alipokuwa akimwomba Mungu mtoto, midomo ilicheza tu na sauti haikusikika (1 Samweli 1:13), na Mungu alimsikia.

Hatua ya 3: Dakika 15 zenyewe

Dakika 2 za kutulia. Usiseme neno. Vuta pumzi taratibu, mkumbuke uliye mbele zake. Mawazo ya kodi na ada yakija, yaandike kwa neno moja pembeni mwa daftari. Utayarudia kwenye maombi.

Dakika 6 za kusoma. Kifungu kifupi, mara mbili. Mara ya kwanza kwa sauti ndogo, mara ya pili kimya.

Dakika 2 za kuandika. Sentensi moja juu ya uliyoyaona, moja juu ya utakalofanya leo.

Dakika 5 za kuomba, ukianzia na kile ulichokisoma.

Hebu tuone inavyokwenda. Umefungua Marko 10:46-52, habari za Bartimayo kipofu wa Yeriko. Jiulize mambo matatu: nani anafanya nini, Yesu anasema nini, na mimi nimesimama wapi humu. Unaona Bartimayo anapiga kelele, watu wanamkemea anyamaze, naye anazidi. Unaona akiitwa anatupa vazi lake na kuruka. Vazi hilo ndilo analojifunika usiku, naye analiacha nyuma kabla hajapona. Kisha Yesu anamuuliza swali ambalo jibu lake kila mtu pale alilijua: wataka nikufanyie nini? Kwenye daftari unaandika: "Mk 10:51. Yesu ananiuliza nataka nini. Leo: nitamwambia mwenye nyumba ukweli kuhusu kodi, sitamkwepa." Halafu unaomba hilo hasa: ujasiri, maneno, na moyo wa mwenye nyumba. Jioni utajua kama ulifanya au hukufanya. Maombi yanayogusa kodi ya nyumba yana uhai kuliko dakika arobaini za "utubariki, utulinde, utuongoze".

Baada ya mwezi mmoja, dakika 15 zenyewe zitaanza kukuelemea kwa ufupi wake. Hapo ongeza tano. Usiongeze kabla.

Hatua ya 4: Usome nini, na kwa mwendo gani

Usianzie Mwanzo. Kila Januari watu huanza Mwanzo kwa furaha, wakafika Kutoka sura ya 25, kwenye vipimo vya hema na mbao za mshita, na hapo ndipo Biblia inapofungwa hadi Januari nyingine. Anza na Marko. Ina sura 16, na ukisoma sura moja kwa siku, siku tano kwa wiki, unaimaliza katika wiki ya nne. Baada yake nenda Yohana, kisha Matendo, kisha Waefeso.

Agano Jipya zima lina sura 260. Sura moja kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa, ni wiki 52 kamili: mwaka mmoja, na Jumamosi na Jumapili ni za kufidia ulizokosa. Huu ndio mwendo tunaoupendekeza kwa watu wengi, maana umeacha nafasi ya kuugua, kufiwa na kusafiri. Mwenye kiu ya Biblia nzima, yenye sura 1,189 kwa hesabu ya vitabu 66, asome sura tatu kila siku na tano Jumapili. Hilo si la anayeanza.

Zaburi ziende sambamba na lolote unalosoma. Asubuhi Zaburi ya 5, usiku ya 4, ni mwanzo mzuri. Wakatoliki wana masomo ya misa ya kila siku, Waanglikana wana Sala ya Asubuhi na ya Jioni kwenye kitabu chao. Aliye na mpangilio wa kanisa lake autumie, maana kusoma kifungu kilekile pamoja na wengine kunamsaidia mtu siku anapokosa hamu.

Kiswahili cha Biblia ya 1952 kikikusumbua, soma Biblia Habari Njema, yenye lugha ya siku hizi. Na kama ulilelewa kwa Kigogo, omba kwa Kigogo. Mtu akifiwa au akikasirika huwa anarudi kwenye lugha ya mama yake. Mungu naye anaisikia lugha hiyo, na humo ndimo utakapokosa pa kujificha nyuma ya maneno ya kimadhabahu.

Hatua ya 5: Orodha ya maombi

Gawa kurasa saba za mwisho za daftari, moja kwa kila siku ya wiki. Kila siku majina matatu, yasizidi. Jumatatu ndugu wa nyumbani, Jumanne kazini, Jumatano wagonjwa, na kadhalika. Mbele ya kila ombi andika tarehe, na lijibiwapo andika tarehe nyingine. Andika ombi linaloweza kujibiwa: "Shangazi wa Kongwa apate nauli na nafasi ya kliniki ya macho", usiandike "shangazi abarikiwe". Na weka jina moja la mtu aliyekuudhi. Hilo ndilo litakalokusumbua zaidi na kukufaa zaidi.

Hatua ya 6: Usitembee peke yako

Ibada ya faragha bila ushirika hufifia. Jumapili kanisani, na Meza ya Bwana au Ekaristi kwa utaratibu wa kanisa lako, ni chakula ambacho hakuna mahubiri ya kwenye simu yanayokaa mahali pake. Waliohamia Dodoma kikazi wana shida yao hapa: Ijumaa jioni wanapanda treni au basi kwenda Dar es Salaam kwa familia, Jumapili mchana wanarudi, na mwaka unaisha hawajulikani katika kanisa lolote, huku wala kule. Kama ndivyo ulivyo, jiandikishe Dodoma kwenye jumuiya ndogo ndogo, seli au ushirika wa nyumba kwa nyumba unaokutana katikati ya wiki. Huko ndiko watakakojua kwamba hukuonekana.

Pamoja na jumuiya, tafuta mtu mmoja wa jinsia yako, aliyekomaa, asiye bosi wako wala mdeni wako. Mkutane mara moja kwa wiki, nusu saa. Maswali manne yanatosha: Umesoma nini? Umemwomba Mungu nini? Umeanguka wapi? Una ugomvi na nani? Kisha kila mmoja amwombee mwenzake pale pale.

Swali la tatu linahitaji uangalifu. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Afrika Mashariki yote, ulirithisha makanisa yetu desturi ya kuungama dhambi kwa jina lake mbele ya ndugu. Ni desturi yenye uponyaji, na ina msingi katika Yakobo 5:16. Inaharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuungama kwa jumla, "mimi ni mdhaifu, mniombee", ambako hakumfungui mtu. Ya pili ni siri kutoka nje. Kilichosemwa humo hakiendi kwa mke, hakiendi kwa kamati, hakiandikwi kwenye kikundi cha WhatsApp kwa jina la "maombi". Ila kama kuna mtoto au mtu mwingine anayedhuriwa, hapo hakuna siri. Atafutiwe ulinzi siku hiyohiyo.

Mkatoliki ana kitubio kwa padri, na aende bila kusubiri Pasaka. Kwa wote, toba inayogusa mali ya mtu inamalizika kwa kurudisha. Zakayo alitaja kiasi (Luka 19:8). Kama unadaiwa laki mbili na huna, nenda na elfu ishirini na tarehe ya kumalizia.

Hatua ya 7: Kufunga

Funga mlo mmoja kwanza, mara moja kwa wiki, kwa majuma manne. Ukizoea, funga toka asubuhi hadi saa 12 jioni. Kunywa maji. Dodoma ni kukavu, na kuanzia Septemba hadi mvua zinaponyesha jua ni kali. Lita mbili za maji kwa siku ya kufunga zisipungue, na anayefanya kazi juani aongeze au achague siku nyingine. Kama unakunywa kahawa au chai nzito, ipunguze siku mbili tatu kabla, la sivyo siku yote utakuwa na maumivu ya kichwa na si maombi. Kufungulia, anza na uji mwepesi wa uwele au tunda, subiri nusu saa, ndipo ule chakula, tena kiasi. Pilau na nyama juu ya tumbo tupu humlaza mtu macho usiku kucha.

Kizunguzungu kikija, moyo ukienda mbio, au mkojo ukiwa mchache na wa rangi nzito, fungulia. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kisukari, mwenye vidonda vya tumbo, na anayemeza dawa za kifua kikuu au ARV wasikose chakula. Wafunge kitu kingine, kama mitandao au maongezi yasiyo na faida. Hakuna maombi yanayomtaka mtu aache dawa. Anayekuambia uache, au anayeuza maji na mafuta kwa ahadi ya kukusogeza karibu na Mungu, mwepuke hata kama ukumbi wake umejaa.

Jambo moja la kwetu. Kwaresima huangukia Februari hadi Aprili, na katika vijiji vingi huo ni wakati wa palizi na ghala kukaukiwa, mavuno yakiwa bado. Nyumba ambayo tayari inaruka mlo isiwekewe mfungo wa kanisa juu yake, na watoto wasinyimwe kamwe. Mwenye ghala ndiye afunge, na chakula alichoacha akipeleke kwa jirani. Isaya 58:7 inaelekeza hivyo hasa.

Hatua ya 8: Panga mwaka wako kwa mvua

Mkoa wetu una msimu mmoja wa mvua, toka mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Mvua ya kwanza ikianguka hakuna anayebaki nyumbani, na hata watumishi wa mjini Jumamosi wako Bahi au Chamwino shambani. Ratiba ya kiroho iliyopangwa kana kwamba miezi yote ni sawa huvunjika Desemba kila mwaka, na mtu anajiona ameasi kumbe amelima.

Kwa hiyo panga vipimo viwili. Kiangazi, Mei hadi Novemba: dakika 15 au zaidi, mfungo, semina, masomo marefu. Masika: dakika 7, aya kumi tu za kusoma, na Zaburi moja ya kubeba kichwani. Zaburi ya 23 ina aya sita. Aya moja kwa siku na wiki haijaisha umeishika yote. Zaburi ya 1 nayo ina sita, ya 121 ina nane. Anayeamia ndege, kwelea kwelea wakiwa wanashambulia uwele na mtama, hukaa juu kwenye dungu, jukwaa la kulindia shamba, toka kunakucha hadi jua linazama, mkononi kombeo na madongo. Kati ya kundi moja la ndege na lingine kuna dakika nyingi tulivu. Aliyepanda dunguni na Zaburi kichwani huirudia, anaomba kwa aya moja, anapiga kelele kufukuza ndege, anaendelea na aya ya pili. Mtu huyo kapata muda na Mungu kuliko wengi wetu tulio ofisini.

Jumapili ya kupanda isipoepukika, kusanyeni walioko shambani kwa dakika ishirini chini ya mti: wimbo, somo la siku, sala, kisha jembe.

Pakikauka

Utafika wakati unasoma na hakuna kitu, unaomba na unasikia sauti yako tu. Usikimbilie kutafuta mtumishi mwenye upako zaidi. Chunguza kwa mpangilio huu.

Anza na mwili. Unalala saa ngapi? Eliya alipotamani kufa chini ya mretemu, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji na kumwacha alale, mara mbili (1 Wafalme 19). Wiki moja ya kulala mapema huondoa ukavu mwingi uliodhaniwa kuwa wa kiroho.

Kisha dhambi unayoifahamu na kuilinda. Soma Zaburi ya 32. Halafu ugomvi: Mathayo 5:23-24 inamtaka mtu aache sadaka akapatane kwanza, na 1 Petro 3:7 inamwonya mume kwamba anavyokaa na mkewe kunaweza kuzuia maombi yake. Mume anayelalamika mbingu zimefungwa, na nyumbani hasemeshani na mkewe, ameshajijibu.

Baada ya hapo tazama huduma zako, na hapa ndipo waaminifu wengi hunaswa. Mazoezi ya kwaya siku nne kwa wiki, kurekodi, kamati ya ujenzi, kamati ya harusi, zamu ya uzee wa kanisa. Wakulima wa zabibu wa Makutupora wanajua kwamba mzabibu usiopogolewa hutoa majani mengi na matunda kidogo, na Yesu alisema Baba hulisafisha kila tawi lizaalo. Ondoa huduma moja kwa miezi mitatu, kwa barua ya heshima kwa kiongozi wako. Kazi itapata mtu.

Kama huzuni imekaa zaidi ya wiki mbili, hulali, huli, au mawazo ya kujiua yanakuja, mwambie mchungaji au padri wako na uende hospitali siku hiyo. Dodoma tuna Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili, na kwenda pale si kukosa imani. Aliyepewa akili na Mungu aitibu kama anavyotibu malaria.

Na kama umechunguza yote na huoni sababu, basi ni msimu tu. Punguza maneno, omba kwa Zaburi ya 13, ya 42 na ya 88, ambazo waandishi wake walikuwa palepale ulipo. Shika saa ileile, kiti kilekile.

Ukikatika

Utakatika, kila mtu hukatika. Usifidie siku ulizokosa kwa kusoma sura kumi usiku mmoja, na usisubiri Jumatatu wala mwaka mpya. Andika tarehe ya leo kwenye daftari, ruka mstari mmoja, fungua pale alama ya kitabu ilipobaki, soma aya kumi. Mwenzako wa kila wiki mtumie ujumbe: "Nilikatika toka tarehe fulani, nimeanza tena leo." Kesho ni dakika 7. Wiki ijayo, kama hukuruka zaidi ya siku mbili, rudi kwenye 15.